Usihesabu Langoni

Jumamosi, 30 Agosti

Daftari hili lilikuwa la Seleyian, binti yangu, alipokuwa kidato cha kwanza. Kurasa za mbele amejaza istilahi za ushairi kwa kalamu ya zambarau, pamoja na maua na jina la mvulana ambalo amelifuta vibaya. Kurasa za nyuma ni tupu. Yeye amerudi bweni Kajiado, kwa hiyo kurasa ni zangu.

Leo nimeanza darasa la Jumamosi pale Kitengela, ghorofani, juu ya duka la mabati. Nina miaka thelathini na tisa, na ngazi zile zimenikumbusha miaka yote.

Niandike sababu, ili nikichoka nisijifanye sikumbuki. Bi. Mugure, mwenye shule ya chekechea ninayofundisha, alituletea barua Januari: baada ya mwaka mmoja, mwalimu asiye na C ya Kiswahili kwenye cheti cha kidato cha nne atatoka darasani. Anaweza kubaki jikoni akitaka. Nimefundisha chekechea miaka kumi na minne. Msichana aliyechapa hiyo barua nilimfundisha mimi kushika penseli. Cheti changu kina D, na ninajua D ilitoka wapi: kwenye karatasi ya tatu niliacha shairi lote wazi, nikaandika jina langu na nambari, nikatazama dirisha mpaka kengele.

Februari nilijiandikisha kurudia mtihani wa Novemba. Halafu nikakaa miezi sita nikijidanganya kwamba nitasoma peke yangu.

Jumapili, 31 Agosti

Maji, kanisa, maji tena. Sijafungua kitu.

Jumatano, 3 Septemba

Jua halina huruma. Nyasi za upande wetu wa Kisaju zilikwisha Juni, na zilizobaki ziko ndani ya nyua za watu walionunua ploti. Saning'o, mume wangu, alihama na ng'ombe mwezi wa saba akaelekea upande wa Loitokitok, chini ya mlima. Hapa tumebaki mimi, mama yake, na mbuzi.

Mama yake tunamwita Yeyo. Ananiita ng'oto Seleyian, mama Seleyian, hata akiwa na hasira. Jina langu la Munyiva sijalisikia kinywani mwake tangu nizae. Anaongea Kimaasai siku nzima na Kiswahili akitaka kunikosoa, labda ili nisije nikasema sikuelewa. Nimeishi naye miaka kumi na sita na bado anaonja mboga yangu kabla hajakaa.

Jumamosi, 6 Septemba

Mwalimu wetu anaitwa Wangila. Ni kijana wa miaka ishirini na saba hivi, shati limepigwa pasi likasimama, viatu vimechoka. Ananiita "mama", na si kwa heshima. Ananiita mama kama mtu anayeomba njia sokoni.

Leo alifundisha mizani, yaani idadi ya silabi katika mshororo. Ubeti mmoja uko ubaoni, mishororo minne, kila mmoja umekatwa katikati na koma, nane upande wa kushoto na nane upande wa kulia. Akanisimamisha. Mimi nikasoma, nikasema naona uko sawa.

"Unaona?" akasema. "Mama, mizani haitaki maoni. Hesabu."

"Nimeusikia uko sawa."

"Mtihani hausikii. Vidole, mama. Vidole!"

Nikahesabu kwa vidole mbele ya watu kumi na wanane, mimi ambaye hufundisha wengine kuhesabu kwa vidole. Chini, fundi alikuwa akikata mabati, na kila nikifika silabi ya sita nasikia kelele, napotea, naanza upya. Nilipata saba. Zilikuwa nane.

Karibu yangu hukaa Shirleen, msichana wa saluni, ana kucha ndefu kiasi kwamba akihesabu kwa vidole unaogopa jicho lako. Aliinua mkono. "Mwalimu, na hii ukaraguni ni bahari ama ni ugonjwa?" Darasa likacheka. Wangila hakucheka. Alieleza kwamba ni shairi ambalo vina vyake hubadilika kutoka ubeti hadi ubeti, akaandika, akafuta, akaandika tena, kama mtu anayelipwa kwa chaki.

Jumanne, 9 Septemba

Tathlitha tatu, tarbia nne, takhmisa tano. Hiyo nimeshika. Inkisari, mshairi anafupisha neno. Mazida, analirefusha. Wanauita uhuru wa mshairi. Ningependa kukutana na huyo mshairi mwenye uhuru.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimefanya kosa ambalo hata msichana aliyeolewa hapa jana asingelifanya.

Nilitoka shule saa kumi, miguu inawaka. Yeyo alikuwa kwenye tenki, akaniambia nisimame langoni mbuzi wakirudi. Nikasimama. Kichwani nilikuwa na ule ubeti wa Jumamosi, kwa sababu nimeazimia kuupata hata ukinitoa roho. Mbuzi wakaanza kuingia na vumbi lao. Mimi nimeinua vidole, macho mbele, nasema kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane. Halafu tena: moja, mbili.

Nikasikia ndoo ikianguka.

Kwa asiyejua: katika boma hili hawahesabiwi watoto wala mifugo. Ukitaja idadi ya kilicho hai, umekionyesha kwa kile kinachopunguza. Hata kwetu Ukambani nyanya alikuwa hapendi, lakini mama yangu aliuza maharagwe sokoni, alihesabu kila kitu mpaka kope zetu, nami nikakua hivyo. Hapa nilijifunza wiki ya kwanza ya ndoa. Nimeshika miaka kumi na sita. Leo uchovu umenisahaulisha.

Yeyo alikuja bila fimbo yake.

"Ng'oto Seleyian. Wewe unahesabu mbuzi yangu?"

"Hapana, Yeyo. Ni shairi."

"Shairi iko na miguu?"

"Silabi, Yeyo. Nahesabu silabi, ni kazi ya darasa."

"Macho yako ilikuwa kwa mbuzi. Kidole ilikuwa kwa mbuzi. Mdomo ilikuwa inahesabu." Akawatazama mbuzi zizini, akatema mate kidogo kuwabariki, upande huu na upande ule. "Hii jua yote, na wewe unahesabu."

Akaokota ndoo yake, akaondoka. Ningependa angenigombeza zaidi.

Ijumaa, 12 Septemba

Mbuzi mmoja amekufa asubuhi, yule mweusi aliyekuwa akikohoa tangu Agosti. Alikuwa akikohoa tangu Agosti. Nimeandika mara mbili kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia.

Jumapili, 14 Septemba

Amekufa wa pili. Huyu hakuwa akikohoa.

Jumanne, 16 Septemba

Yeyo anajipikia chai. Kwa miaka kumi na sita nimepika chai ya asubuhi nikamwekea kikombe cha bati kwenye kigoda, akanywa akalalamika kwamba majani ni mengi. Sasa anaamka kabla yangu, anawasha moto wake, na mimi nakuta kikombe kimeshaoshwa. Nilifikiri nitafurahi siku atakapoacha kuilalamikia chai yangu.

Jumamosi, 20 Septemba

Jaribio la kwanza. Nimepata sita kwa ishirini. Shirleen amepata kumi na moja na alikuwa akitengeneza kope wakati wa kusoma.

Shida yangu inajulikana. Maana ya shairi naipata. Nani anasema, anamwambia nani, kwa toni gani, hayo napata. Lakini kila swali linalotaka mizani au arudhi nashika kalamu, nainua kidole, na ninaona ndoo ikianguka. Vidole vinakufa ganzi. Nimeacha maswali manne wazi. Ni ule mtihani wa zamani umenirudia, dirisha tu ndilo tofauti.

Wangila alinirudishia karatasi bila kunitazama. "Mama, umri si kisingizio. Hesabu."

Nilitaka kumwambia kwetu kuhesabu kunaua mbuzi. Nikakunja karatasi. Nilikuwa nimechoka kuwa kichekesho cha mtu.

Jumatano, 24 Septemba

Saning'o amepiga simu saa saba mchana kutoka juu ya kilima fulani, mahali pekee penye mtandao. Nikaweka sauti kubwa ili Yeyo asikie. Hakusema ng'ombe wangapi. Huwa hasemi. Alisema, "Yule wa baka shingoni amelala. Na mtoto wake. Na ile ya pembe ya kushoto iliyopinda, ile ulipewa na mama yako mdogo, Yeyo." Kwao ng'ombe hafi, analala.

Yeyo alikuwa ameketi na shanga zake, anatengeneza ukosi kwa ajili ya harusi ya jirani. Mkono ulisimama na uzi hewani. Halafu akaendelea. Hakunitazama, na hilo ndilo lililoniuma. Angenitazama kwa lawama ningeweza kujitetea.

Ijumaa, 26 Septemba

Sijalala vizuri wiki mbili, basi leo nimeamua kufanya linalofanywa hapa.

Mtu akimkosea mwenzake katika boma hili hasemi tu samahani. Anang'oa nyasi mbichi, anazishika mkononi, anakwenda nazo. Aliyekosewa akiona nyasi lazima asikilize. Saning'o aliniletea nyasi hivyo mwaka tulipogombana naye juu ya Seleyian kupelekwa bweni, na hata mimi mtoto wa Ukambani niliona hasira yangu ikiniacha bila ruhusa.

Shida: nyasi mbichi Septemba hii, Kisaju, utazitoa wapi?

Asubuhi nilipita kando ya barabara ya Namanga. Vumbi. Nikachungulia bonde nyuma ya kanisa. Mawe. Kuna mzungu mmoja mwenye bustani ya kijani nyuma ya ukuta, lakini siwezi kwenda kuomba radhi ya Kimaasai kwa nyasi za kunyunyiziwa maji ya mfereji wa mtu, tena na mbwa wawili. Nikafika shule nimekata tamaa. Saa nne, watoto wakinywa uji, nikaona: chini ya tenki la shule, bomba linapovuja, pana shungi la nyasi lenye upana wa sahani, kijani kibichi. Bi. Mugure ametuandikia kibao hapo: USIKANYAGE. Sikukanyaga. Nilipiga magoti nikang'oa lote na mizizi yake, watoto ishirini na tatu wakinitazama na masharubu ya uji. Nikalifunga kwenye kitambaa chenye maji.

Nilimkuta Yeyo kwenye kivuli cha nyumba. Nikasimama mbele yake na nyasi mkononi na sikujua nianzie wapi, kwa hiyo nilianza na chai.

"Yeyo, ninataka kukupikia chai."

Akatazama mkono wangu.

"Hiyo umetoa wapi?"

"Kwa tenki ya shule. Imeandikwa usikanyage."

Midomo yake ikatetemeka, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika ubavu, meno yake yote machache nje. "Umeiba nyasi," akasema. "Umeiba nyasi ya kuomba msamaha."

Tukaketi. Nikamweleza yote, barua ya Bi. Mugure, jiko, C, vidole. Nikamwambia naogopa, na kwamba kama nitatolewa darasani sijui mimi ni nani asubuhi. Sikuwa nimemwambia hata Saning'o hivyo. Alisikiliza, kisha akachukua zile nyasi, akaenda zizini akampa mwanambuzi dhaifu kuliko wote. Zikaisha kwa kutafuna mara tatu.

"Ile mbuzi nyeusi ilikuwa mgonjwa," akasema akiwa amenipa mgongo. "Nilijua."

"Sasa mbona chai?"

"Nilikuwa na hasira na jua. Jua haina masikio. Wewe uko nayo."

Nilipika. Akasema majani ni mengi.

Jumatatu, 29 Septemba

Jioni Yeyo aliniita langoni. "Leo usimame hapa. Mdomo funga."

Mbuzi waliingia kama wanavyoingia, kundi zima mara moja, wakisukumana, vumbi mpaka puani. Kabla hata wa mwisho hajapita, Yeyo akasema, "Ile ya sikio iliyokatika haiko." Tukaenda. Tulimkuta amenaswa kwenye seng'enge ya ploti ya mtu.

Njiani nikamuuliza anajuaje bila kuhesabu. Akaniona mjinga, na pengine alikuwa na haki.

"Wewe watoto yako ya shule, moja ikikosa, unajua saa ngapi?"

Nikafikiri. "Nikifungua mlango tu."

"Umehesabu?"

"Hapana."

"Basi." Akatembea kidogo. "Zijue zote. Asubuhi, jioni, asubuhi, jioni. Halafu ile haiko, mahali yake inakuwa tupu. Unaona ile tupu. Huoni ingine."

Alhamisi, 2 Oktoba

Nimeacha vidole. Nimechukua mashairi matatu tu kutoka kwa makaratasi ya Wangila, nayasema kwa sauti asubuhi nikikamua, jioni nikichota maji. Sihesabu kitu. Nataka niyajue kama kundi.

Jumatatu, 6 Oktoba

Yeyo anauliza kila jioni kama mashairi yamerudi salama. Ananidhihaki, lakini nikiruka ubeti ananiuliza yule mwingine ameenda wapi. Kiswahili hicho haelewi nusu yake.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mambo ya leo yanataka kurasa.

Wangila alikuja na jaribio la pili, karatasi moja iliyochapwa. Juu imeandikwa: Mtunzi hajulikani. Akataka mtu asome kwa sauti. Akanichagua mimi, kwa sababu anajua ninajikwaa. Ubeti wa kwanza ulikuwa huu:

Ningali hapa njiani, jua kali laniwaka,
Vumbi tele mabegani, na soli imekatika,
Barua i mkobani, sina pa kuipeleka,
Nikumbukeni nyumbani, siku zinanipunguka.

Nilisoma vizuri. Mashairi ya nane kwa nane sasa yana mwendo ninaoujua mwilini. Ubeti wa pili nao ukapita. Nikaingia wa tatu:

Mama yuko mlangoni, kila jioni hutoka,
Hutafuta njiani, hata giza likafika,

Nikasimama.

"Endelea, mama."

"Kuna mmoja haiko," nikasema. Ilitoka hivyo hivyo, kwa Kiswahili cha Yeyo.

"Mmoja nani?"

"Silabi. Kwa huo mshororo wa pili, kabla ya koma. Mahali pake pako tupu."

Shirleen akaanza kuchezesha kucha zake. Wangila akatabasamu tabasamu kavu kama chaki. "Umehesabu?"

"Sijahesabu."

"Basi unajuaje? Nimekwambia mara ngapi, mizani haitaki..." Akageuka ubaoni, akaandika, akaanza kugonga kila silabi kwa kidole. Hu, ta, fu, ta, nji, a, ni. Akasimama. Akagonga tena. Akagonga mara ya tatu, polepole. Mabati chini yalikuwa kimya leo, kwa hiyo sote tulisikia kidole chake.

"Ni saba," Shirleen akasema. "Manze, mathe ameishika!"

Wangila akashusha chaki. Aliitazama ile karatasi kama mtu aliyekuta mlango wake wazi. "Nimeisoma mara mia," akasema. "Nilikosea wapi?"

Alisema "nilikosea". Hapo nikajua mtunzi anajulikana.

Nimekuwa nikimwona kijana mwenye majivuno. Leo nikatazama chini nikaona soli ya kiatu chake cha kulia imefungwa kwa uzi wa katani. Nikaona mkoba alionao kila Jumamosi, ambao haufungui, na pembe za bahasha zikichungulia. Nilimwonea huruma, nikajionea aibu pia, maana wiki saba nilikuwa nikihesabu makosa yake tu.

Watu walipotoka nikabaki kufuta ubao, mazoea ya kazi. Akasema bila kuulizwa kwamba nyumbani ni Bungoma, kwamba alimaliza chuo miaka minne iliyopita na bado hajapata shule ya kudumu, na kwamba hajaenda kumwona mama yake Krismasi mbili kwa sababu hataki kufika na jibu lile lile.

"Anasimama mlangoni kweli?" nikauliza.

"Dada yangu anasema anasimama."

"Basi nenda. Mimi nina mwanamke nyumbani anayesimama langoni kila jioni. Haulizi mtu amekuja na nini. Anaangalia tu nani hayupo."

Akainama juu ya karatasi. Baadaye akachukua kalamu nyekundu na kurekebisha: Hunitafuta njiani. Akausoma mshororo kwa sauti, ukatembea vizuri.

"Asante, mwalimu," akasema. Nimeangalia nyuma kuona kama kuna mwalimu mwingine chumbani.

Jumatano, 15 Oktoba

Wangila amenitumia picha ya karatasi yangu ya jaribio: kumi na sita kwa ishirini. Ameandika pembeni: "Lakini mtihanini utaje idadi. Wasahihishaji hawana mbuzi." Kumbe nilimsimulia mengi.

Jumatano, 22 Oktoba

Mawingu yalikuja saa nane, yakatutazama, yakaenda zake Machakos.

Jumapili, 26 Oktoba

Saning'o amepiga. Amelala yule mwekundu mkubwa. Yeyo akauliza na dada yake yule mwekundu je. Saning'o akasema na yeye amelala.

Jumamosi, 1 Novemba

Darasa la mwisho. Shirleen amenisuka nywele bure, kwa sababu, anasema, siwezi kuingia mtihani nikikaa kama mtu ametoka kuchunga. Wangila alitushika mkono sote. Ana tiketi ya basi ya tarehe ishirini Desemba, ameiweka mfukoni mwa shati mahali inaonekana.

Ijumaa, 7 Novemba

Karatasi ya tatu. Kajiado, ukumbi wa shule moja ya huko, dawati langu la tatu kutoka mlangoni. Kila mmoja mle ndani angeweza kuwa mwanafunzi wangu, na naapa wawili walikuwa.

Sitaandika shairi lilikuwa gani. Nitaandika tu kwamba nilipofungua ukurasa kidole kiliinuka chenyewe, nikaanza: moja, mbili. Kikafa ganzi kama zamani. Nikatazama dirisha. Dirisha lilikuwa pale pale linapokaa siku zote, na nikajua nikilitazama dakika moja zaidi nitaamka nikiwa jikoni kwa Bi. Mugure nikikoroga uji wa watoto ambao mwingine anawafundisha.

Nikaweka mkono chini ya paja, nikaukalia. Nikalisoma shairi lote midomo ikitembea. Msimamizi akaja. "Madam, kimya."

"Sijatoa sauti."

"Midomo inasumbua wengine."

Nikafunga mdomo nikasoma kwa koo. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, kama mbuzi asubuhi na jioni. Mara ya nne nilikuwa nimewajua. Walipita nane, nane, na mahali mshairi alipokata neno ili litoshe nikaona kovu lake. Nikaandika idadi bila kuhesabu. Nikaandika inkisari na mfano. Vina nikaviona vimesimama kwenye mwisho wa mistari. Kwenye swali la nafsineni nikaandika mengi kuliko nafasi iliyokuwepo, maana huyo mtu anayesema ndani ya shairi nilimwelewa, alikuwa amechoka kama mimi.

Sikuacha swali wazi. Sijui kama ni sahihi. Nimetoka nje nikaketi kwenye jiwe, na nimelia kidogo, bila sababu ninayoweza kuitetea.

Jumatano, 12 Novemba

Imenyesha. Si sana, lakini vumbi limelala na harufu imetoka.

Jumamosi, 22 Novemba

Saning'o amerudi.

Tulimsikia kabla hatujamwona, kengele moja tu shingoni mwa ng'ombe mmoja. Yeyo alikuwa langoni tangu saa tisa. Mume wangu amekonda hadi fulana inamzunguka. Aliondoka na kundi lililochukua muda kupita lango. Leo walipita mara moja wakaisha.

Yeyo hakufunga lango. Alisimama pale na kuanza kuwaita wasiokuwepo, mmoja mmoja, kwa rangi na kwa pembe na kwa mama zao. Aliwataja polepole, na kila alipomtaja mmoja Saning'o aliinamisha kichwa. Hakuna aliyesema idadi. Ilichukua muda mrefu mno, jua likaingia, na mimi nikasimama karibu yake kwa sababu nilijua mahali pa kusimama. Mmoja alimsahau, ndama wa yule wa baka shingoni. Nikamtaja mimi.

Akanishika mkono. Hajawahi.

Jumamosi, 10 Januari

Matokeo yametoka jana. Simu yangu ilikataa mpaka leo adhuhuri, nikiwa Kitengela kwa Shirleen, yeye akipiga kelele kwa C yake ya kuongeza mpaka mteja akaruka kitini. Yangu ikafika baadaye. Kiswahili: C. Haina kuongeza, haina kupunguza. Bi. Mugure ameijibu picha niliyomtumia kwa neno moja, Sawa, na ratiba ya darasa langu la muhula mpya. Ametuma pia picha ya kibao kipya chini ya tenki: USING'OE. Wangila ametuma ujumbe kutoka Bungoma, bado yuko huko. Ameandika: "Hongera, mwalimu. Nilimkuta mlangoni."

Nilirudi nyumbani kwa miguu kutoka barabarani, nikiwa nimechoka kwa namna nyingine, ile ya mtu aliyetua mzigo. Nilikuwa nimeshapanga nitakavyomwambia Yeyo, C ni nini, na kwa nini C moja inatosha.

Alikuwa langoni. Mbuzi walikuwa wameshaingia. Nikafungua mdomo, akainua mkono ninyamaze. Akanitazama kuanzia nywele hadi miguu, bila haraka, kama anavyowatazama wao.

"Hakuna kitu imebaki nyuma," akasema, akanisogezea njia, kisha akafunga lango.